Vikapu vya Iringa, duka la Houston: waingie Etsy au wabaki nje?

Duka ni la ndugu wawili, dada mtu na mdogo wake, na stoo yao ni chumba kimoja katika nyumba ya kupanga huko Houston, Texas. Wanauza vikapu vya milulu vya Iringa. Kinachotoka zaidi ni kikapu cha saizi ya kati, kile cha kwendea sokoni. Dada mtu huchagua rangi na vipimo, huchora na kumtumia kwa WhatsApp shangazi yao anayekusanya mzigo Iringa mjini. Vikapu vikishafika Houston, mdogo mtu hushona mikono ya ngozi. Pembeni wana seti za vikapu vidogo vitatu vitatu, ambavyo shangazi huvinunua sokoni vikiwa tayari.

Duka liko Shopify, huduma ya kujijengea duka lako mwenyewe mtandaoni, wateja wanatoka Instagram, na kikapu cha kati kinaleta kama oda 30 kwa mwezi. Mwaka wa pili sasa idadi imegoma kupanda. Wakaanza kujiuliza: kwa nini tusiende Etsy, soko la mtandaoni la kazi za mikono, au Amazon, ambako watu wamekwisha kujaa?

Duka hili ni la mfano, na mauzo na gharama zake tumezipanga sisi ili hesabu isomeke. Ada za masoko, kanuni zao na namna wasafirishaji wanavyopima boksi ni mambo ya kweli.

Hesabu ya kikapu kimoja

Bei ni dola 58, na mteja huongeza 10 za usafiri, jumla 68. Kikapu chenyewe pamoja na fungu la shangazi ni dola 9, ngozi na uzi 4, ndege na ushuru wa forodha 6, boksi na karatasi 2. Hiyo ni 21. Ile 10 ya usafiri inaenda posta yote.

Mteja akiwa Houston, juu ya 68 inakaa kodi ya mauzo ya 8.25%, yaani dola 5.61, na Texas kodi hiyo inagusa hata gharama ya usafiri. Kinachopita kwenye kadi ni 73.61. Wengi huisahau hatua hii: mchakataji wa malipo hukata asilimia yake kwenye 73.61, si kwenye 68, na kodi yenyewe si pesa yako.

Kwenye duka lao wenyewe, Shopify ya daraja la Basic hukata 2.9% na senti 30, hapa dola 2.43. Kinachobaki ni dola 34.57. Ada ya mwezi ya dola 39 tunaiweka pembeni, kwa sababu inalipwa hata duka lisipouza kitu.

Etsy inakata mara tatu. Senti 20 za kuweka bidhaa, ambazo hudaiwa tena kila baada ya miezi minne na kila kikapu kinapouzwa. Kisha 6.5% ya bei pamoja na usafiri, yaani 6.5% ya 68, ambayo ni 4.42. Mwisho malipo ya kadi, 3% ya 73.61 na senti 25, jumla 2.46. Zote ni dola 7.08. Kinabaki 29.92.

Ukiziweka pamoja, 34.57 na 29.92, jibu linaonekana wazi: baki kwako. Ndivyo wanavyojibu wengi, na hesabu hiyo ina kasoro. Katika oda 30 za mwezi, 18 ni za wateja wapya, na kuwapata kunagharimu matangazo ya Instagram ya dola 270, dola 15 kila mmoja. Mteja mpya dukani kwao haachi 34.57. Anaacha 19.57. Huyo ndiye wa kulinganishwa na mteja wa Etsy, kwa sababu mteja wa Etsy naye ni mpya. Kamisheni ilinganishe na bili yako ya matangazo, maana zote mbili zinalipia kitu kimoja.

Kwa maneno mengine, oda ya Etsy inawaachia dola 10.35 zaidi ya oda iliyonunuliwa kwa tangazo. Wao walikuwa wakiiona Etsy kama mtu wa kati anayewanyonya, kumbe tayari wanamlipa mtu wa kati, tena ghali zaidi, na mwisho wa mwezi hawamwiti hivyo.

Tangazo ambalo hukuliomba

Etsy ina mpango unaoitwa Offsite Ads. Inatangaza bidhaa yako Google, Facebook na kwingineko kwa pesa zake. Mtu akibofya tangazo na kununua dukani kwako ndani ya siku 30, inakukata 15% ya oda. Kwa oda ya 68 hiyo ni 10.20, na 29.92 inashuka hadi 19.72. Ona ilivyoangukia: karibu sawasawa na 19.57 ya tangazo la Instagram.

Duka jipya huingizwa kwenye mpango huu bila kuulizwa. Likiwa na mauzo ya chini ya dola 10,000 katika siku 365, mwenye duka anaruhusiwa kujitoa kwenye mipangilio. Likivuka, makato yanashuka hadi 12%, lakini kutoka hakuna tena, hata mauzo yakianguka mwaka unaofuata. Kwa oda za dola 68, mstari huo unavukwa kwenye oda kama ya 148, zaidi kidogo ya 12 kwa mwezi. Duka la watu wawili linaweza kuvuka bila kujua, likashangaa kwa nini kitufe cha kujitoa kimepotea.

Hatari halisi ni kulipia mteja ambaye tayari ni wako. Mfuasi wa Instagram anaandika jina la duka Google, juu kabisa linatokea tangazo la Etsy la duka hilohilo, anabofya, ananunua. Mteja wa zamani aliyekuwa anaacha 34.57 sasa ameacha 19.72. Ndiyo maana anwani ya Etsy isiwekwe kwenye wasifu wa Instagram. Ikibidi kumpeleka mfuasi huko, atumiwe kiungo cha Share & Save, ambacho humrudishia muuzaji 4% ya oda iliyoletwa kwa njia hiyo.

Boksi linaloamua

Kikapu kina uzito wa ratili mbili hivi, lakini posta ya Marekani haiangalii mizani peke yake. Kifurushi kikizidi futi moja ya ujazo, yaani inchi 1,728 za ujazo, hupigiwa uzito wa umbo: urefu mara upana mara kimo, gawanya kwa 166. Boksi la inchi 14 kwa 14 kwa 12 lina inchi 2,352. Gawanya, unapata 14.17, nayo hupandishwa hadi ratili 15. Unalipia ratili 15 kwa kusafirisha ratili mbili na hewa.

Tiba yake ni kukibonyeza kikapu. Kikapu kinachokubali kulala hulowanishwa kidogo kwa kitambaa, kikalazwa taratibu, kikaachwa kikauke kabisa kabla ya kufungwa. Kinaingia kwenye boksi la inchi 16 kwa 12 kwa 4, inchi 768, chini ya mpaka, na hapo unalipia uzito wake halisi. Mteja naye apewe kadi inayomwelekeza jinsi ya kukirudishia umbo. Ukikifunga kikiwa na unyevu, kinafika na madoa ya kijivu ya ukungu, na picha ya madoa hayo ndiyo atakayoiweka kwenye maoni yake. Kifuko cha kufyonza unyevu kinasaidia, ila hakikaushi kikapu kilicholowa.

Tunalikazania boksi kwa sababu tangu 2019 Etsy imekuwa ikiwasukuma wauzaji wa Marekani watoe usafiri wa bure kwa oda za kuanzia dola 35. Kwa upande wa ada ni mamoja, maana 6.5% inakatwa kwenye jumla, uandike 58 na 10 au 68 bila usafiri. Lakini ile 10 imesimama juu ya boksi dogo. Boksi kubwa likirudi kwa wateja wa California au New York, faida tuliyohesabu inaliwa na nauli.

Kanuni inayoweza kulifunga duka

Etsy hairuhusu kuuza kama kazi ya mkono kitu kilichotengenezwa na mtu mwingine ambacho hukukibuni wewe. Tangu Julai 2024 kila bidhaa lazima ieleze imepatikanaje: imetengenezwa na muuzaji, imebuniwa na muuzaji, imechaguliwa na muuzaji, au imetafutwa na muuzaji. Fungu la kuchaguliwa ni hasa la vitu vya zamani, vya miaka 20 au zaidi. La kutafutwa ni hasa la malighafi za ufundi.

Kikapu cha kati kinapita. Rangi, vipimo na mikono ni vya dada mtu, na ushonaji wa mwisho unafanyika Houston. Anachotakiwa ni kukiandika kama kilichobuniwa na muuzaji na kuwataja kina mama wa Iringa kama washirika wa uzalishaji, palepale kwenye ukurasa wa bidhaa. Kuwaficha ili kikapu kionekane kimesukwa Texas ni uongo, na zaidi ya hapo ni ujinga wa kibiashara: milulu ya Iringa ndiyo inayouza. Sheria ya Marekani nayo inataka bidhaa iliyotoka nje iandikwe nchi ilikotoka, kwa hiyo lebo ya Tanzania inakuwepo kwa vyovyote.

Seti za vikapu vidogo hazina fungu. Si za zamani, si malighafi, hawakuzibuni. Zikiwekwa Etsy, mshindani mmoja anatosha kuziripoti. Mara ya kwanza bidhaa inaweza kuondolewa, na ikijirudia duka lote linaweza kusimamishwa, pamoja na vikapu vya kati ambavyo havina kosa. Seti zibaki Shopify. Ukituuliza ni nini kimoja wasikosee, ni hiki. Hesabu mbaya hugharimu dola kadhaa kwa oda, lakini kosa hili hugharimu duka.

Mvua ya Iringa na Krismasi ya Marekani

Mpaka hapa Etsy inaonekana inafaa, na ndipo dada mtu alipotuma ujumbe wa sauti: shangazi, shikamoo, tukitaka vikapu 25 zaidi kwa mwezi inawezekana? Jibu lilikuja fupi. "Marahaba mwanangu. Juni mpaka Oktoba niagize upendavyo. Mvua ikishika, usinihesabie. Watu wako shambani."

Nyanda za Iringa zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Kina mama wanaosuka ndio haohao wanaolima. Kwa duka letu tumeweka vikapu 45 kwa mwezi kuanzia Mei hadi Novemba, na 15 kwa mwezi kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi saba mara 45 ni 315, mitano mara 15 ni 75, jumla 390 kwa mwaka. Shopify peke yake inakula 360.

Vimebaki 30. Vikapu 30 kwa mwaka mzima! Mjadala wote wa kamisheni ulikuwa unazunguka vikapu ambavyo havijasukwa.

Ugumu unazidi ukiangalia tarehe. Wanunuzi wa Marekani hujaa Novemba na Desemba, wakati ambapo Iringa jembe linaingia ardhini. Muuzaji wa Etsy anayepokea oda asizoweza kutuma kwa wakati hupata nyota moja, na kwa duka jipya nyota moja kati ya tano inaonekana kwa mbali. Kuongeza wasusi kunawezekana, lakini msusi mpya anahitaji kuzoea vipimo, na kikapu chenye mdomo wa inchi 11 badala ya 13 hakikubali mikono iliyokwisha kukatwa. Hiyo ni kazi ya msimu mzima wa kiangazi, haimalizwi kwa simu ya wiki moja.

Uamuzi

Waingie Etsy, lakini si kwa ajili ya kuongeza mauzo. Waingie kupunguza bili ya Instagram. Badala ya kununua wateja 18 kwa dola 15 kila mmoja, wanunue 10, na oda 8 za mwezi zitoke Etsy. Vikapu ni vilevile. Mara 8 ya 10.35 ni dola 82.80 kwa mwezi. Oda 8 kwa mwezi ni 96 kwa mwaka, mauzo ya dola 6,528, chini ya mstari wa 10,000, kwa hiyo Offsite Ads inabaki imezimwa kwa hiari yao.

Tangazo la Instagram lisikatwe siku ya kwanza. Likatwe hatua kwa hatua oda za Etsy zinapoonekana, la sivyo mwezi wa kwanza utakuwa mtupu pande zote.

Waanze Juni na kurasa 12, kila mchanganyiko wa rangi ukurasa wake. 12 mara senti 20 ni dola 2.40, ingawa duka jipya linaweza kudaiwa pia ada ya kufungua. Vikapu vya Etsy vitengwe kwa macho: rafu yake, lebo zake, wala kisiwepo kikapu kinachoonekana kwenye maduka yote mawili. Kuna programu za kuoanisha hesabu ya stoo, lakini kwa vikapu ambavyo kila kimoja kina mchoro wake, rafu mbili ni dawa ya bei nafuu kuliko kumwomba radhi mteja wa pili aliyenunua kitu kilekile.

Picha ipigwe na futi ya fundi cherehani ikiwa imezungushwa mdomoni mwa kikapu. Malalamiko ya vikapu mara nyingi ni ya ukubwa na ya rangi, si ya ubora. Picha ya rangi ipigwe mchana kivulini, maana taa ya chumbani huifanya nyekundu ya Iringa ionekane ya machungwa. Kila kifurushi kiwe na namba ya kufuatilia, kwa sababu Etsy inaweza kuzuia sehemu ya pesa za duka jipya hadi mzigo uonekane umesafiri, na shangazi anataka malipo yake kabla ya kufunga robota linalofuata.

Kodi ni nafuu moja ambayo hawakuitegemea: tangu Oktoba 2019 Texas inalitaka soko lenyewe likusanye na kupeleka kodi ya mauzo ya oda zake. Kwenye Shopify mzigo huo ni wao. Nafuu hiyo haiwaondolei hesabu ya ushuru wa kuingiza mzigo; msamaha wa vifurushi vya hadi dola 800 ulisitishwa tarehe 29 Agosti 2025, kwa hiyo ile dola 6 ya ndege na forodha irudiwe kupigwa kwa kila robota.

Amazon tuliiweka kando mapema. Kamisheni yake kwenye bidhaa za nyumbani na za kazi ya mkono ni 15%, yaani 10.20 kwa oda ya 68, nayo ingeacha 26.80 wakijisafirishia wenyewe. Kwa pesa tu bado inashinda tangazo la Instagram. Tatizo ni kwamba mnunuzi wa Amazon anataka alichokiona kwenye picha, hasa hichohicho, na kila kikapu hapa ni tofauti na mwenzake. Wakitumia maghala ya Amazon, nafasi inayolipiwa senti 78 kwa futi ya ujazo kwa mwezi hupanda hadi dola 2.40 kuanzia Oktoba hadi Desemba, na vikapu hukaa nafasi kubwa. Zaidi ya hapo, bei ikishushwa kwenye duka lao wenyewe kwa siku ya punguzo, Amazon inaweza kuinyima bidhaa yao kitufe kikuu cha kununua.

Siku 90 baadaye

Mwisho wa Agosti wakae na namba nne. Oda za Etsy ambazo mnunuzi hakuwahi kuonekana kwenye orodha ya Shopify. Zikiwa chini ya nusu, Etsy inahamisha wateja wao tu, na kila mmoja anayehama anawapunguzia dola 4.65. Gharama halisi ya posta kwa oda. Ikipita 11, boksi limeharibu. Oda zilizorudishwa, na sababu zake kwa maneno ya mteja. Na vikapu vilivyobaki rafuni kila upande.

Mteja wa Etsy hatakuwa wao kama alivyo wa Shopify. Barua pepe yake haitumiki kumtangazia bila ridhaa yake, na kumshawishi akwepe ada kwa kununua kwingine ni kuvunja kanuni. Kadi ya matunzo yenye jina la duka iingie kwenye boksi, bila namba ya punguzo. Ndiyo maana oda 22 kati ya 30 zinabaki nyumbani. Masoko hupandisha ada: Etsy ilikuwa 3.5% hadi katikati ya 2018, ikawa 5%, na tangu Aprili 2022 ni 6.5%. Mengine hufunga kabisa, kama Jumia ilivyofunga Tanzania Novemba 2019 na kuwaacha wauzaji wake watafute pa kwenda.

Kama namba nne zimekaa vizuri, hatua inayofuata haiko kwenye kompyuta. Ni kumtumia shangazi pesa za wasusi sita wapya na kipimo cha inchi 13 kilichokatwa kwenye kadibodi, kimoja kwa kila msusi, mapema mwezi Mei unaofuata, milulu inapoanza kukauka vizuri juani.